Mpira wa Kikapu Shuleni: Mtazamaji Anaona Nini, na Wajibu Wake ni Upi

Kila mwaka, mvua za masika zinapokaribia ukingoni na kahawa inapoanza kuiva mashambani, filimbi za waamuzi husikika katika viwanja vya shule za sekondari. Huo ndio msimu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, ambayo huanzia ngazi ya shule na kata na kuhitimishwa kitaifa, kwa kawaida mwezi Juni. Mkazi wa Kata ya Kituntu hahitaji kuelezwa mpira wa miguu. Mpira wa pete nao ameuzoea tangu binti zake walipokuwa shule ya msingi. Mpira wa kikapu ndio unaowafanya watu wazima wasimame kando ya uwanja wakiulizana kwa nini filimbi imepulizwa, na mara nyingine wakimkasirikia mwamuzi aliyekuwa sahihi.

Makala haya yanaeleza mchezo huo kwa jicho la mtazamaji: namna mashindano yanavyopangwa, mambo ya kuangalia uwanjani, na sehemu ambayo mzazi na mkazi wa kata anaweza kuitekeleza ili watoto wapate mahali pa kucheza na warudi nyumbani salama.

Mchezo wenyewe si wa kale. Ulibuniwa Desemba 1891 katika mji wa Springfield, Marekani, na mwalimu wa michezo mzaliwa wa Kanada, James Naismith, aliyetafuta shughuli ya kuwafanyisha vijana ndani ya jengo wakati wa baridi. Vikapu vya kwanza vilikuwa vikapu hasa, vya kubebea matunda, navyo vilikuwa na matako. Kila mpira ulipoingia ilibidi mtu aupandie kwa ngazi kuutoa. Mpira wa pete, ambao wengi hudhani ndio mkubwa kwa umri, ulitokana na kikapu hicho hicho nchini Uingereza miaka michache baadaye. Kwa hiyo mama aliyecheza pete shuleni anapotazama kikapu anatazama mchezo wa ukoo mmoja na wake.

Tanzania nayo ina majina yake katika mchezo huu. Rais mstaafu Jakaya Mrisho Kikwete aliucheza alipokuwa mwanafunzi, na baadaye akawa mlezi wa shirikisho lake nchini. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu unaozidi mita 2.2, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya NBA ya Marekani mwaka 2009, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Aidha, mwezi Mei 2021 Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika ilifanya msimu wake wa kwanza mjini Kigali, jiji lililo karibu zaidi na Karagwe kuliko Dar es Salaam yenyewe.

Jambo la kwanza linalowachanganya mashabiki ni ngazi za mashindano. Shule hushindana na shule za jirani yake, na shabiki hushangilia shule aliyoizoea. Lakini kuanzia ngazi ya wilaya, kinachosonga mbele si shule iliyoshinda; ni timu teule, yaani wachezaji bora waliochaguliwa kutoka shule mbalimbali na kuvaa jezi moja ya wilaya. Timu za wilaya zikikutana katika ngazi ya mkoa, huteuliwa tena wachezaji wa kuuwakilisha Mkoa wa Kagera kitaifa. Ndiyo maana shule inaweza kutwaa ushindi katika kata, kisha wanafunzi wake wawili tu wakaitwa kambini, na pengine shule iliyofungwa ikatoa watatu. Wazazi wengi hulitafsiri hilo kuwa ni dhuluma. Si dhuluma, ndivyo mfumo ulivyojengwa. Walimu wanaochagua hutafuta timu inayokamilika: mchezeshaji wa kuuleta mpira mbele, warushaji wa mbali, na warefu wa kukaa chini ya ubao. Shule yenye warefu watano wazuri haiwezi kupeleka wote watano.

Utaratibu hubadilika katika mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, yajulikanayo kwa kifupi FEASSSA, yaliyofanyika Arusha mwaka 2022. Huko hushindana shule kwa shule, kila moja kwa jina lake.

Jambo la pili ni mamluki. Neno hili halihitaji tafsiri kwa shabiki wa michezo ya shule. Ni mchezaji asiye mwanafunzi wa shule husika, aliyeazimwa kwa siku moja ili timu ishinde. Mara nyingi anayemleta si mwalimu peke yake. Ni shabiki mwenye pikipiki na hamu ya ushindi. Madhara yake humwangukia mtoto. Timu ikibainika kuwa na mamluki huondolewa mashindanoni, na wanafunzi halali waliofanya mazoezi tangu Januari hupoteza nafasi ya kuonekana na walimu wa wilaya. Hakuna kijana anayepata nafasi ya pili mwaka huo huo, na kwa aliye kidato cha nne pengine hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mkazi anayefahamu kuwa mchezaji fulani si mwanafunzi wa shule hiyo anapaswa kumweleza mkuu wa shule kabla ya mchezo kuanza, si baada ya matokeo.

Sasa mchezo wenyewe. Kila timu ina wachezaji watano uwanjani, na mchezo una robo nne za dakika 10 kila moja. Hakuna sare: zikilingana, huongezwa dakika tano, na tano tena ikibidi. Mtupo unaoingia kutoka ndani ya tao lililochorwa mbele ya kikapu ni pointi mbili. Kutoka nje ya tao hilo, umbali wa mita 6.75, ni pointi tatu. Na mtupo huru unaotolewa baada ya madhambi ni pointi moja. Mtazamaji akikumbuka hesabu hizo tatu, ubao wa matokeo hautamshangaza tena.

Makelele mengi hutokana na kosa la kutembea na mpira. Mchezaji akitaka kwenda na mpira ni lazima audunde. Akiushika, asipige hatua zaidi ya zile zinazoruhusiwa. Katika uwanja wa udongo kosa hili lina sura yake ya pekee. Mpira ukikutana na kokoto au shimo hauinuki ulivyotarajiwa, mchezaji huuinamia, huushika kwa mikono miwili, kisha husahau na kuudunda tena. Hilo nalo ni kosa, hata kama shimo ndilo lililolisababisha. Mwamuzi hana mamlaka ya kuadhibu shimo. Shabiki anayepaza sauti kwamba mtoto ameonewa angefanya jambo la maana zaidi siku ya Jumamosi akiwa na jembe na toroli la udongo.

Kosa la pili ni madhambi ya mwili. Hapa ndipo mazoea ya mpira wa miguu huwapotosha watazamaji. Bega kwa bega, ambalo katika soka husifiwa, katika kikapu huweza kuwa madhambi. Kila mchezaji huhesabiwa madhambi yake, na akifikisha matano hutoka na harudi tena katika mchezo huo. Kwa hiyo mashabiki wanapomwona mwalimu akimtoa mchezaji hodari kuliko wote katika robo ya pili, wakati timu inaongoza, wasikimbilie kudhani kwamba amechukizwa na mtoto huyo. Huenda mtoto ana madhambi matatu, na mwalimu anamhifadhi kwa robo ya nne. Mtazamaji makini huhesabu madhambi sawa na anavyohesabu pointi, na baada ya michezo miwili mitatu huanza kuona mabadiliko ya wachezaji kabla hayajafanyika.

Madhambi ya timu nayo huhesabiwa. Timu ikishafanya manne katika robo moja, kuanzia la tano mpinzani hupewa mitupo huru miwili, hata kama hakuwa anatupa. Ndiyo sababu mwamuzi huyo huyo, kwa kosa lile lile, dakika ya pili hutoa mpira wa pembeni na dakika ya tisa hutoa mitupo huru. Wengi wamemwita mwamuzi msaliti kwa kutojua kanuni hiyo moja.

Mtu anayetaka kuufurahia mchezo asiufuate mpira kwa macho wakati wote. Ajaribu kwa dakika chache kuwatazama wachezaji wanne wasio na mpira. Ataona mmoja akijipenyeza nyuma ya mlinzi, mwingine akisimama imara ili mwenzake apite na mlinzi wake abaki nyuma, wa tatu akirudi taratibu kulinda. Ataona pia kwamba vita kubwa chini ya ubao haianzi mpira unapotua bali unapotoka mkononi mwa mtupaji: mchezaji mwerevu humgeuzia mpinzani mgongo, huzuia njia yake, na mpira unaporudi kutoka kwenye ubao humkuta yeye tayari. Hapo mfupi mwenye akili humshinda mrefu mzembe. Dhana kwamba kikapu ni cha warefu peke yao imewanyima nafasi watoto wengi, hasa wasichana, ambao waliambiwa wakasimame kwenye pete hata kabla hawajashika mpira wa kikapu mkononi.

Uko pia wakati ambapo mtazamaji hana budi kuamua yeye ni mtu wa namna gani. Mtoto wa miaka kumi na sita anasimama kwenye mstari wa mitupo huru, mita 4.6 kutoka kwenye ubao, peke yake, wenzake wote wametulia. Katika ligi za wakubwa, mashabiki wa upande wa pili hupiga kelele kumvuruga, na hilo limezoeleka. Katika uwanja wa shule anayezomewa ni mtoto wa jirani ambaye kesho atapita mbele ya duka akienda kisimani. Kushangilia timu ya nyumbani ni haki ya kila mtu, na uwanja bila ngoma na vigelegele hupooza. Kumtaja mtoto kwa umbo lake, kwa mavazi yake au kwa hali ya nyumbani kwao ni jambo jingine, na mwamuzi anaweza kusimamisha mchezo hadi utulivu urejee. Ikumbukwe pia kwamba mwamuzi wa michezo ya kata kwa kawaida ni mwalimu kutoka shule nyingine, aliyekuja baada ya vipindi vyake, na Jumatatu anarudi darasani.

Michezo ya shule iliwahi kusitishwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa hoja kwamba ilikula muda wa masomo, kisha ikarejeshwa baada ya miaka michache. Hoja hiyo haijafa. Husikika katika mikutano ya wazazi hadi leo. Inastahili kujibiwa kwa ratiba, si kwa maneno. Mazoezi yakifanyika baada ya vipindi, kwa siku zinazojulikana, na yakaisha kwa saa inayojulikana, mzazi ana namna ya kupima. Yasipokuwa na ratiba, mzazi ana haki ya kulalamika.

Kuhusu saa hiyo, liko suala lisilopaswa kuachiwa mwalimu mmoja. Shule nyingi za sekondari za kata ni za kutwa. Huku magharibi jua huzama karibu saa moja jioni, takribani nusu saa baada ya Dar es Salaam, na jambo hilo huwafanya walimu na wachezaji waone kwamba bado kuna muda. Lakini mwanafunzi anayeishi mwendo wa saa moja kwa miguu akiondoka uwanjani saa kumi na mbili atafika giza likiwa limeingia, akipita kati ya migomba na vichaka. Kwa msichana hatari hiyo ni kubwa zaidi, na ndiyo sababu baadhi ya wazazi huwakataza binti zao kucheza. Katazo hilo linaeleweka, ingawa tiba yake ipo: mazoezi yaishe saa kumi na moja, wachezaji wa njia moja waondoke pamoja, na katika siku za mashindano wazazi wa kitongoji kimoja wapokezane kuwafuata. Mtazamaji aliyekuja uwanjani kwa miguu na anarudi njia ile ile hapaswi kuwatangulia watoto.

Chakula ni sehemu ya suala hilo hilo. Mchezaji aliyetoka nyumbani alfajiri kwa chai ya rangi, asiyekula mchana, hawezi kukimbia robo nne saa kumi alasiri bila kuumia au kuzirai. Shule ambazo wazazi wamekubaliana kuchangia maharage na mahindi zina timu zinazomaliza mchezo zikiwa na nguvu, na faida hiyo huonekana darasani pia. Mchango wa aina hii ni wa makubaliano, na mwanafunzi harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa.

Limebaki suala la uwanja, ambalo ndilo wakazi huuliza zaidi. Jibu lina habari njema. Uwanja rasmi wa kikapu una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Uwanja wa pete una mita 30.5 kwa 15.25. Maana yake ni kwamba shule yenye uwanja wa pete tayari ina ardhi iliyosawazishwa inayotosha kuchora mistari ya kikapu. Kimo cha pete ni kimoja katika michezo yote miwili, mita 3.05. Tofauti ni kwamba kikapu huhitaji ubao nyuma ya pete, wenye upana wa mita 1.80 na kimo cha mita 1.05, pete yake ni pana zaidi, takribani sentimita 45, na ubao hutakiwa kuingia mita 1.2 ndani ya mstari wa mwisho, ilhali nguzo ibaki nje ya mstari huo ili wachezaji wasiigonge. Kwa hiyo nguzo ya kikapu huwa na mkono unaoshika ubao mbele yake. Fundi wa kuchomelea mwenye vipimo sahihi anaweza kuitengeneza. Kigumu ni kuisimika: msingi wa zege ukiwa mfupi, nguzo hulegea kwa kila mtupo, na nguzo iliyolegea juu ya vichwa vya watoto haipaswi kutumika hata siku moja.

Udongo una kikomo chake. Mashindano ya ngazi za chini huangukia wakati wa masika, na uwanja wa udongo uliolowa huahirisha mchezo au huvunja kifundo cha mguu. Sakafu ya zege ndiyo suluhisho la kudumu, ila wananchi wanastahili kujua ukubwa wa kazi kabla ya kuahidi. Uwanja kamili, pamoja na nafasi ya mita mbili kuuzunguka, ni mita za mraba 608. Kwa unene wa sentimita 10 hiyo ni zege ya mita za ujazo karibu 61, yaani takribani mifuko 400 ya saruji ya kilo 50, mbali na mchanga, kokoto na maji. Ni mzigo mzito kwa kata moja. Lakini upo mchezo wa watatu kwa watatu, ulioingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, unaochezwa kwenye kikapu kimoja katika eneo la mita 15 kwa 11, kwa dakika 10 au hadi timu moja ifikishe pointi 21. Eneo hilo, bila nafasi ya pembeni, huhitaji mifuko mia moja na ushei. Shule inayoanza na kipande hicho huweza kukiendeleza kuwa uwanja kamili miaka inayofuata, mradi tangu mwanzo kipimwe mahali ambapo nusu ya pili itaingia. Kosa la kukijenga ubavuni mwa darasa, kisha kukosa pa kuongeza, ni rahisi kulifanya na haliwezi kurekebishwa. Makisio haya ni ya kumsaidia mwananchi kufikiri. Hesabu ya ujenzi hufanywa na mhandisi wa Halmashauri baada ya kuona ardhi yenyewe.

Njia ya kuliingiza jambo hili katika mipango ni ile ile inayotumika kwa darasa au zahanati. Huanzia katika kitongoji, likajadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu, likapelekwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, na hatimaye katika vikao vya Halmashauri. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mapendekezo hukusanywa miezi mingi kabla. Kijiji kinachosubiri mwezi Mei ndipo kizungumzie uwanja kinakuwa kimeshachelewa kwa mwaka mzima. Kwa upande wa shule, bodi ndiyo inayotoa ridhaa ya matumizi ya ardhi yake, na nguvu za wananchi, iwe mawe, mchanga au siku za kazi, huandikwa na kuthaminishwa kama mchango wao katika mradi.

Vipo pia vitu vidogo visivyosubiri bajeti. Chokaa au majivu ya kuchorea mistari. Kitambaa cha kukaushia mpira siku ya manyunyu. Sanduku la huduma ya kwanza lenye bendeji za kufunga kifundo. Mpira wa wavulana ni wa namba 7 na wa wasichana ni wa namba 6, ulio mdogo na mwepesi kidogo. Mfadhili anayetaka kuitolea shule mipira aulize kwanza, kwa sababu wasichana wanaolazimishwa kutumia mpira wa namba 7 mwaka mzima hupata shida ya kubadilika siku ya mashindano.

Ratiba ya michezo ya msimu hupatikana kwa wakuu wa shule na kwa Afisa Elimu Kata, na maswali kuhusu uteuzi wa timu hupelekwa kwa Afisa Michezo wa Halmashauri, Kayanga. Kutazama michezo ya shule katika ngazi ya kata hakuna kiingilio. Mtazamaji asimame mita mbili nje ya mstari, awaache wazee na akina mama wenye watoto wakae mbele, na pikipiki zibaki nje ya eneo la uwanja.